Barua, Jalada na Masjala: Historia ya Maarifa katika Ofisi za Serikali Tanganyika

Wachunguzi wa lugha yetu wameyachimbua mashairi ya kale, wamezipima lahaja za pwani, na wamezifuata asili za maneno mpaka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi. Lakini Kiswahili cha ofisini, kile kilichoandikwa na makarani katika meza za boma, hakikupata macho mengi. Pengine sababu yake ni kwamba barua ya serikali haina vina wala mizani, wala hapana mtu aisomaye kwa kutafuta raha. Hata hivyo katika barua hizo imo habari kubwa: nani alijua nini, nani alimwambia nani, na maarifa yaliyokusanywa na serikali kwa jasho la watu wengi yalikwenda wapi baada ya kuandikwa.

Insha hii yakusudia kuitazama habari hiyo katika nchi ya Tanganyika, tangu zama za maliwali wa Unguja mpaka siku hizi za kompyuta. Swali lake ni moja: maarifa ya kazi katika ofisi za serikali huenezwa na nini, na huzuiwa na nini? Wengi hujibu kwa kutaja chombo, yaani kalamu, mashine ya taipu, simu na vinginevyo, wakidhani kwamba chombo bora huleta maarifa mengi kwa watu wengi. Nitajaribu kuonyesha kwamba kila chombo kipya kilipoingia kiliongeza mwendo wa maneno, lakini desturi ya ofisi ndiyo iliyoamua maneno hayo yafike kwa nani. Nitajaribu pia kuonyesha kwamba lugha ilikuwa sehemu ya desturi hiyo, tena sehemu yenye nguvu kubwa.

Kabla ya Wajerumani kuishika nchi, pwani ilikuwa na utawala wake na maandishi yake. Sayyid wa Unguja alikuwa na maliwali katika miji kama Kilwa, Bagamoyo na Pangani, na barua za utawala huo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Forodha, iliyokuwa chemchemi ya mapato, ilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, mashuhuri miongoni mwao nyumba ya Jairam Shivji. Na hesabu zake zilikaa katika madaftari ya nyumba hiyo. Basi tangu hapo twaiona sura ya kwanza ya jambo letu. Haki ya kutoza ushuru ilikuwa ya Sayyid, lakini kuyajua mapato yenyewe kulikuwa kwa mwenye daftari. Aliyeandika ndiye aliyejua, na asiyeweza kulisoma daftari hakuwa na budi kuyaamini aliyoambiwa.

Barua ya Kiswahili ya zama hizo ilikuwa na adabu zake. Ilianza kwa salamu ndefu za Kiarabu, ikamtaja mwandikiwa kwa sifa na heshima, ndipo yakaja maneno yenyewe kwa Kiswahili, na mwisho salamu tena. Herufi za Kiarabu hazikuzitosheleza sauti zote za lugha yetu. Katika mwandiko wa zamani p iliweza kuandikwa kama b, sauti mb ikaandikwa kama b tu, na alama moja ikatumika kwa e na kwa i. Hata neno pembe na neno bibi yaliweza kuwa na sura moja katika karatasi. Msomaji alilitambua neno kwa kuijua habari inayosemwa. Kwa hiyo barua haikuweza kujitegemea. Ilimhitaji msomaji aliyewajua watu na mambo yanayotajwa, na kwa kuwa wajuao kusoma walikuwa wachache, mara nyingi ilisomwa kwa sauti mbele ya wengine, ikaulizwa na kujadiliwa. Upungufu wa chombo uliwalazimisha watu kushirikiana katika kuelewa.

Serikali ya Wajerumani, au Wadachi kama walivyoitwa na wazee wetu, iliipokea nchi kutoka mikononi mwa kampuni mwaka 1891. Waliikuta lugha inayosikika katika njia zote kuu za misafara, wakaifanya lugha ya utawala baina yao na wenyeji. Mwanzoni hawakuwa na budi kuzijua herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo zilizotumiwa na watu waliokuwa na elimu ya maandishi. Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin, kilichofunguliwa mwaka 1887, kilikuwa na mafunzo ya Kiswahili. C. G. Büttner alitoa mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili yenye herufi za Kiarabu mwaka 1892, na Carl Velten akatoa kitabu cha kufundishia mwandiko huo mwaka 1901. Katika chuo hicho alifundisha pia Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake ndiyo yaliyojaza sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa mwaka 1903. Kitabu kilitoka kwa jina la Velten. Mwenye maarifa na mwenye jina walikuwa watu wawili, na jambo hilo tutakutana nalo tena mbele.

Baadaye kidogo njia ikageuka. Wamisionari walikuwa wamekwisha kuzoea kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na shule ya serikali iliyofunguliwa Tanga katika miaka ya 1890 ikazifundisha herufi hizo kwa vijana waliotayarishwa kuwa makarani, walimu na maakida. Mwaka 1904 shule hiyo ikaanza kutoa gazeti la Kiongozi, lililoendelea mpaka mwaka 1916. Katika kurasa zake walimu na makarani waliotawanyika nchini walipeleka habari za miji yao. Yafaa tulipe gazeti hilo heshima yake, kwa maana hapo kwa mara ya kwanza mtumishi wa serikali aliyekuwa bara aliweza kuwaandikia wenzake wa pwani, wasiojuana kwa sura, na wote wakasoma maneno yale yale kwa lugha moja.

Chombo kilichoukamilisha mgeuko huo ni mashine ya taipu. Mashine za maboma zilikuwa na herufi za Kirumi, na karani aliyejua mwandiko wa Kiarabu peke yake hakuwa na kazi mbele yake. Pamoja na mashine ikaja karatasi ya kaboni, na pamoja na kaboni likaja jambo lililokuwa gumu katika ofisi za kale: barua moja kuzaliwa mara tatu au nne kwa pigo moja. Neno nakala lilikuwako zamani, likiwa na maana ya kitu kilichonakiliwa kwa mkono. Sasa likapata mahali pake chini ya barua, likiwaorodhesha wale watakaojua. Kila barua ya serikali tangu hapo yatuambia mambo mawili: neno lililosemwa, na watu waliokubaliwa kulisikia.

Mwishoni mwa utawala wao Wajerumani walikuwa na mpango wa mawasiliano uliowashangaza waliowafuata. Maofisa wa Kiingereza wenyewe walikiri kwamba serikali iliyotangulia iliweza kumwandikia kila akida na kila jumbe kwa Kiswahili, na kupata kutoka kwake jawabu la maandishi kwa lugha hiyo hiyo. Hili si jambo dogo katika nchi yenye makabila zaidi ya mia na njia za siku nyingi.

Lakini tuulize: katika barua hizo yalipita maarifa gani? Zilipita amri za kodi, hesabu za vichwa na vibanda, habari za kazi za barabara na za mashamba. Yaliyokuwa mioyoni mwa watu hayakupita. Ushahidi ulio wazi ni Vita vya Majimaji vya 1905 mpaka 1907. Katika miezi iliyotangulia vita, habari za maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilienea katika nchi ya Wamatumbi na jirani zao kwa njia waliyoiita njwiywila, yaani mnong'ono wa siri upitao kwa mtu mmoja mmoja. Watu walikwenda Ngarambe makundi kwa makundi. Boma lilikuwa na maakida, makarani, askari na simu, na juu ya hayo yote vita viliposimama Umatumbini mwishoni mwa Julai 1905, serikali haikuwa imekitambua kilichokuwa kikiandaliwa. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini mnongʼono ulikuwa umekwisha kufika mbali kuliko amri.

Sababu yake haikuwa upungufu wa chombo. Akida aliwekwa ili apeleke amri chini na kodi juu. Watu walimchukia, na yeye aliwaogopa mabwana zake. Mtu wa namna hiyo hana faida kuandika kwamba mambo yameharibika katika sehemu yake, kwa kuwa wa kwanza kulaumiwa ni yeye. Hivyo barua za kupanda zilijaa yale ambayo mkubwa alipenda kuyasikia. Hapa yafaa tukumbuke jambo moja zaidi. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotaka kuiandika historia ya vita hivyo, wanafunzi walipelekwa vijijini kuwauliza wazee waliokuwa hai, kwa maana sehemu kubwa ya maarifa hayo haikuwamo katika majalada ya Wajerumani. Kile ambacho boma halikukiuliza mwaka 1905 kiliokotwa midomoni mwa wazee baada ya miaka 63.

Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya kwanza, waliupokea mpango wa Kiswahili kwa shukrani, kisha wakaujengea dari. Juu ya dari kilikaa Kiingereza, lugha ya barua baina ya wilaya, jimbo na makao makuu ya Dar es Salaam. Chini yake kilikaa Kiswahili, lugha ya boma na watawala wa kienyeji. Sir Donald Cameron, aliyekuwa Gavana tangu 1925 mpaka 1931, aliuimarisha utawala wa kupitia wenyeji kwa sheria ya mwaka 1926, na kila baraza likawa na karani wake, daftari lake la kesi na daftari lake la kodi, yote kwa Kiswahili. Ili kuiunganisha lugha hiyo, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi nne za Afrika ya Mashariki ikaanza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza.

Ofisa wa Kiingereza alitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili, na wengi walikijua vyema. Hata hivyo aliyoyasikia kwa Kiswahili aliyaandika kwa Kiingereza. Chombo kikuu cha kuyahifadhi kilikuwa Kitabu cha Wilaya, kitabu kikubwa cha kurasa zenye kuongezwa, chenye milango ya historia ya makabila, nasaba za machifu, sheria na mila, hali ya ardhi na mengineyo. Kiliwekwa kwa sababu ya haki kabisa. Ofisa alihamishwa mara kwa mara, akaenda likizo Uingereza, na nafasi yake ikashikwa na mgeni. Aliyeondoka alimwachia mrithi wake taarifa ya makabidhiano, na Kitabu cha Wilaya kilikuwa kumbukumbu ya kudumu zaidi. Lakini wingi wa kurasa ulitegemea mapenzi ya ofisa. Aliyependa historia alijaza kurasa, asiyependa aliziacha tupu miaka mingi. Mwaka 1936 wapenzi wa mambo hayo walipata pia jarida la Tanganyika Notes and Records, ambamo mengi ya thamani yaliandikwa. Vyote viwili, kitabu na jarida, vilizungumza zaidi juu ya wenyeji kuliko kuzungumza nao.

Ajabu ya mpango huo ni kwamba mtu aliyekaa muda mrefu kuliko wote katika boma alikuwa karani. Mabwana Shauri walikuja na kwenda, na karani yupo. Alijua jalada lipi limejibiwa na lipi limelala, ugomvi upi wa mpaka ulikwisha kuamuliwa, na jumbe yupi ni mkweli. Maarifa yake yalitumika kila siku, lakini taarifa ya makabidhiano ilikuwa ya ofisa kwa ofisa, kwa lugha ya maofisa. Karani alipostaafu aliondoka na maarifa yake kama mtu anavyoondoka na mwavuli wake.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna mfano ulio karibu. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka 30. Aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926, akahamia Idara ya Wanyama mwaka 1944, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya ya Tanga, kisha katika Idara ya Upimaji. Mchana alikuwa karani. Usiku alikuwa mwandishi mkubwa wa Kiswahili katika zama zake. Mathias Mnyampala, naye aliyefanya kazi ya ukarani serikalini, alitoa mwaka 1954 kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kwa Kiswahili, kikisomeka kwa Wagogo wenyewe. Tukiyatazama mambo haya kwa pamoja twaona kwamba katika meza za chini za ofisi palikuwa na maarifa mengi ya nchi na ya lugha. Yalitoka nje kwa njia ya vitabu na magazeti, kama Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, kwa sababu ngazi ya ofisi haikuwa na njia ya kuyapandisha.

Sasa tuifikie masjala. Neno hili lina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandikisha na kuhifadhi katika daftari, nalo ladumu katika ofisi za Tanzania kuwa jina la chumba cha majalada. Kila barua iingiayo husajiliwa, hutiwa katika jalada la jambo lake, hupewa nambari, na jalada hupelekwa kwa mhusika pamoja na madokezo ya waliotangulia kulisoma. Mpango huu wa kurithi ni mzuri sana ukifuatwa. Aingiaye ofisini leo aweza kuufunua ukurasa wa kwanza akaona jambo lilivyoanza, nani alishauri nini, na uamuzi ulifikiwa kwa hoja gani. Lakini masjala tangu zamani ni mbili, masjala ya wazi na masjala ya siri. Siri ina haki yake katika kila serikali. Ubaya waanza pale neno siri linapogeuka kuwa alama ya ukubwa, jalada likafungiwa kwa kuwa mwenye nalo ni mkubwa, wala si kwa kuwa yaliyomo yana hatari.

Jinsi desturi hiyo iwezavyo kuidhuru nchi nzima ilionekana ukoloni ulipofika mwisho. Mwezi wa Mei 1961 Iain Macleod, Waziri wa Makoloni, alitoa mwongozo kwamba serikali mpya zisiachiwe karatasi ziwezazo kuiaibisha serikali ya Uingereza, au kuwaaibisha maofisa wake na waliokuwa wakiwapasha habari. Majalada yakagawanywa. Katika Kenya na Uganda yaliyochaguliwa kufichwa yalitengwa na kupewa jina la Watch, na kuyaona kuliruhusiwa kwa ofisa wa Kiingereza mwenye asili ya Ulaya tu. Yaliyoruhusiwa kurithiwa yaliitwa Legacy. Karatasi nyingi zilichomwa moto, na nyingine zikasafirishwa Uingereza kwa siri. Karani Mwafrika aliyelitunza jalada miaka yote hakuambiwa kwa nini limeondolewa katika rafu.

Jambo hilo lilikaa kimya kwa miaka 50. Mwaka 2009 wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza katika mahakama ya London, na mwaka 2011 serikali hiyo ikakiri kwamba majalada zaidi ya 8,000 ya makoloni 37 yamehifadhiwa Hanslope Park. Mwaka 2013 ikakubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000 fidia ya jumla ya pauni milioni 19.9. Majalada yenyewe, na ya Tanganyika yakiwamo, yamefunguliwa kwa wasomaji huko Kew tangu mwaka 2012. Hivyo Tanganyika iliyojitawala tarehe 9 Desemba 1961 ilirithi rafu, meza, mashine za taipu na utaratibu wote wa masjala, lakini ilirithi kumbukumbu iliyokwisha kuchujwa. Chombo kilikuwa kizima. Maarifa yalikuwa nusu.

Taifa jipya lilifanya mambo mawili yanayostahili kukumbukwa. La kwanza ni kuanzisha Nyaraka za Taifa mwaka 1963, ili majalada ya zamani yasiozee katika stoo za wilaya. La pili ni la lugha. Mwezi wa Januari 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali, na mwaka huo huo sheria ikaliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Ile dari iliyowekwa zamani baina ya lugha ya juu na lugha ya chini ikaanza kutobolewa. Tarishi, mpiga chapa na katibu mkuu wakaweza, kwa mara ya kwanza, kuisoma barua moja bila mkalimani.

Msamiati uliojengeka katika kazi hiyo wafaa kuchunguzwa na wataalamu wetu. Jalada, ambalo asili yake ni ngozi au gamba la kitabu, limechukua kazi ya faili. Dokezo limetokana na kudokeza, yaani kusema kidogo bila kumaliza. Na kwa kweli ndivyo mtumishi wa chini afanyavyo katika jalada, hudokeza, na mkubwa humaliza. Dokezo liandikwalo katika karatasi isiyofungwa jaladani limeitwa dokezo sabili. Maneno haya yameshika kwa sababu yalizaliwa mahali pa kazi, yakazoeleka kwa matumizi ya kila siku kabla ya kuingizwa katika kamusi.

Lakini lugha ikibadilika na desturi isibadilike, mlango hufunguka nusu tu. Mambo mengi ya kitaalamu, mikataba na sheria yaliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 ndipo sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 iliendelea kuzilinda siri za serikali, na mwaka 2016 ndipo Bunge lilipopitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Katikati ya miaka hiyo mtumishi wa kawaida alijifunza kwa kutazama wakubwa wake: kutosema kulimweka salama, na kusema kulimtia katika maswali. Tabia hiyo haiandikwi katika kanuni yoyote, nayo ni ngumu kufutwa kwa kanuni.

Katika zama zetu kompyuta imekikalia kiti cha mashine ya taipu. Wakala wa Serikali Mtandao ulianza kazi mwaka 2012, na sheria ya mwaka 2019 ikaufanya kuwa Mamlaka. Majalada yapita katika mitandao, na waraka uwezao kuchukua wiki mbili kwa basi kutoka Dodoma mpaka wilaya ya mbali waweza kufika kabla chai haijapoa. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini mwenye kuifahamu historia tuliyoieleza hatadhani kwamba kazi imekwisha. Kompyuta yajua kufungua na yajua kufunga. Neno la siri la kompyuta laweza kuwa masjala ya siri ya kila mtu, na mtumishi anapohamishwa au kufariki akaondoka na funguo zote. Akida wa mwaka 1905 hakukosa karatasi wala wino. Alikosa sababu ya kusema kweli. Mpe akida huyo kompyuta, naye atapeleka uongo wake upesi zaidi.

Basi yapo mambo matatu ambayo historia hii yatufundisha. Kwanza, maarifa hupanda juu pale tu yule wa chini anapokuwa na amani ya kusema habari mbaya. Pili, maarifa hukaa katika ofisi pale mtu wa meza ya chini anapoulizwa na kuandikwa kabla hajaondoka, kwa lugha aliyoifanyia kazi. Tatu, siri inayohifadhiwa bila kikomo huishia kuwa deni, na deni hilo hulipwa na watoto wa waliofichwa.

Kwa wachunguzi wa Kiswahili lipo jambo la kutenda. Barua za maakida na majumbe, madaftari ya kesi ya mabaraza ya kienyeji na madokezo ya makarani wa baada ya 1961 ni hazina ya lugha yetu kama zilivyo tenzi na mashairi. Karatasi hizo zaliwa na mchwa, na watu waliozisoma wakiwa vijana wanaondoka mmoja mmoja. Wanafunzi wa mwaka 1968 waliwakuta wazee wa Majimaji wangali hai, wakapata kuuliza. Makarani wa mwaka 1967, waliokuwa wa kwanza kuiandika serikali nzima kwa Kiswahili, sasa nao ni wazee. Yafaa waulizwe mapema, na majibu yao yaandikwe kwa lugha waliyoijenga.